Kidonge na Moto: Dawa za Kupunguza Mwako Mwilini na Kinga ya Saratani

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu, jioni ya afya, wakati wa maadhimisho yetu



Natanguliza shukrani kwa heshima mliyonipa. Mimi si muumini wa hekalu hili, lakini si mgeni wa ua huu pia. Nilizaliwa nyumba ya tatu kutoka lango lenu, na sauti ya kengele ya aarti ya magharibi naijua tangu kabla sijaijua kengele ya shule. Nilipofungua duka langu la dawa, wateja wangu wa kwanza walikuwa ninyi. Kwa hiyo usiku huu nasema na watu wa nyumbani, na nitasema wazi.

Kamati iliponiuliza nitazungumza juu ya nini, nilichagua swali ambalo huulizwa kaunta kwangu mara kwa mara: je, ni kweli kwamba aspirini huzuia saratani? Na kama ni kweli, mbona hatuimezi sote?

Aliyeniuliza mara ya kwanza ni bibi mmoja wa mtaa huu ambaye sote, Wahindi kwa Waswahili, tulimwita Ba. Mumewe alikuwa amefariki kwa saratani ya utumbo mpana, na mjukuu wake wa ng'ambo alikuwa amemsomea habari kwenye simu kwamba aspirini ni kinga ya ugonjwa huo. Duka lilikuwa limejaa watu. Nikamjibu kwa haraka, "Ba, kidonge kidogo hakidhuru," nikampa pakiti, nikamgeukia mteja mwingine. Sikumuuliza anatumia dawa gani nyingine. Kumbe alikuwa akimeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti, aliyoinunua kwingine. Baada ya majuma machache choo chake kikawa cheusi kama lami, naye asimwambie mtu. Siku moja alianguka pale pale chini ya ngazi za hekalu hili. Tumbo lilikuwa likivuja damu ndani kwa ndani. Aliongezwa damu hospitalini, akapona, akaishi miaka kadhaa baadaye. Hakunilaumu. Aliniambia neno moja tu: "Dikra, ungeniuliza magoti yangu."

Yale niliyopaswa kumweleza Ba siku ile ndiyo nitakayoyaeleza leo.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili chetu hutumia neno "uvimbe" kwa mambo mawili yasiyofanana. Kidole kilichochomwa na mwiba huwa na uvimbe, na donge la saratani nalo huitwa uvimbe. Ili tusichanganye, lile la kwanza nitaliita mwako. Mrumi Celsus, karibu miaka 2000 iliyopita, aliandika alama zake nne: wekundu, joto, kuvimba na maumivu. Mwako si adui. Ni walinzi wa mwili waliofika penye jeraha au penye kijidudu, wakapigana, wakasafisha, wakaanza kujenga upya. Mwako mwema huwaka, humaliza kazi yake, kisha huzimika.

Shida ni mwako usiozimika, ule unaofukuta miaka mingi kama makaa chini ya majivu. Mwaka 1863 tabibu wa Ujerumani, Rudolf Virchow, aliona chembe nyeupe za damu, yaani wale walinzi, ndani ya uvimbe wa saratani, akafikiri kwamba saratani huzaliwa mahali penye mwako wa kudumu. Leo twaelewa zaidi sababu yake. Mahali panapojeruhiwa na kukarabatiwa bila kikomo, seli hugawanyika mara nyingi kuliko kawaida, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kukosea katika kunakili jeni. Isitoshe, kemikali zile zile zinazoita walinzi huzihimiza seli zikue na kuota mishipa mipya ya damu. Seli iliyokwisha kuharibika hupata mbolea isiyostahili.

Basi wataalamu wakajiuliza: ikiwa mwako huchochea saratani, je, dawa ya kupunguza mwako haiwezi kuizuia?

Dawa ya kwanza iliyotazamwa ilikuwa aspirini. Chanzo chake cha kale ni mwerebi, mti wa kandokando ya mito ya Ulaya. Mwaka 1763 kasisi Edward Stone wa Uingereza aliiandikia Royal Society ya London barua juu ya magamba ya mti huo, jinsi alivyoyasaga na kuwapa wagonjwa wa homa wakapata nafuu. Mwaka 1897 mkemia Felix Hoffmann, katika kampuni ya Bayer ya Ujerumani, alitengeneza aspirini safi. Watu waliimeza zaidi ya miaka 70 bila kujua hasa inafanyaje kazi, mpaka mwaka 1971, Mwingereza John Vane alipoonyesha kwamba aspirini huuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini. Ugunduzi huo ulimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Naomba mshike jambo moja hapa, kwani bila hilo hatuwezi kuelewa lililompata Ba. Prostaglandini huchochea mwako na maumivu, lakini pia ndizo zinazolinda utando wa tumbo dhidi ya asidi yake yenyewe, na zinasaidia figo kupata damu ya kutosha. Zaidi ya hayo, aspirini hudhoofisha chembe zinazogandisha damu. Kwa hiyo anayemeza aspirini, ibuprofeni, diklofenaki au naproksini hupunguza mwako, na papo hapo huondoa sehemu ya ulinzi wa tumbo lake. Akizimeza mbili pamoja, hatari huzidi. Parasetamoli, inayojulikana kwa wengi kwa jina la Panadol, haimo katika kundi hili. Hutuliza maumivu na homa, lakini hatuihesabu miongoni mwa dawa za kupunguza mwako.

Sasa tuje kwenye ushahidi. Mwaka 1988 daktari mpasuaji Gabriel Kune na wenzake, huko Melbourne, Australia, waliwalinganisha wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana na watu wasio nayo. Wakashangaa kuona kwamba waliokuwa wakitumia aspirini walikuwa wachache miongoni mwa wagonjwa. Mwaka 1991 Chama cha Saratani cha Marekani kilitoa matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 660,000. Wale waliotumia aspirini mara 16 au zaidi kwa mwezi walikufa kwa saratani ya utumbo mpana pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko wasioitumia.

Hizo ni habari kubwa. Lakini mtu anayemeza aspirini huenda anatofautiana na jirani yake kwa mengine pia: labda huenda kwa daktari mara nyingi zaidi, labda hula vizuri zaidi. Ili kujua kama sababu ni kidonge, ni lazima watu wagawanywe kwa kura, nusu wapewe dawa na nusu kidonge kitupu kinachofanana nayo, bila mtu kujua kapewa kipi. Nitawatajia majaribio matatu ya namna hiyo, kwa sababu kila moja lina fundisho lake.

La kwanza liliongozwa na Profesa John Burn wa Newcastle, Uingereza. Lilihusu watu 861 wenye hali ya Lynch, nayo ni kasoro ya jeni inayorithiwa kutoka kwa mzazi. Jeni hiyo kazi yake ni kusahihisha makosa ya kunakili ndani ya seli, na ikiharibika mtu huwa katika hatari kubwa ya saratani ya utumbo mpana, mara nyingi akiwa bado kijana. Waliopewa aspirini walimeza miligramu 600 kila siku kwa wastani wa miaka miwili. Walipofuatiliwa kwa miaka 10 na zaidi, katika watu 427 wa aspirini, 40 walipata saratani hiyo. Katika 434 wa kidonge kitupu, walioipata ni 58. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020, na mamlaka ya miongozo ya tiba ya Uingereza ikashauri kwamba wenye hali ya Lynch wafikiriwe kupewa aspirini. Fundisho: kwa watu hawa, aspirini ni kinga ya kweli. Lakini faida yake haikuonekana mapema. Ilijitokeza baada ya miaka.

La pili ni la kusikitisha. Kampuni za dawa zilijua kwamba aspirini huumiza tumbo, zikatafuta dawa ambazo zingezima mwako na kuliacha tumbo salama. Mojawapo ilikuwa rofekoksibu, iliyouzwa kwa jina la Vioxx na kumezwa na mamilioni ya watu. Ilijaribiwa kwa watu 2,586 waliokwisha kuondolewa vinyama vya utumbo mpana, vile ambavyo vikiachwa huweza kugeuka saratani. Vinyama vilipungua kweli: vilirudi kwa asilimia 41 ya waliomeza dawa, dhidi ya asilimia 55 ya wengine. Lakini watu 46 wa upande wa dawa walipata shambulio la moyo, kiharusi au madhara mengine ya damu kuganda, dhidi ya 26 wa upande wa kidonge kitupu. Jaribio lilisimamishwa, na tarehe 30 Septemba 2004 dawa ikaondolewa sokoni duniani kote. Fundisho: dawa yaweza kufanya kazi iliyotumwa, na bado isifae kupewa mtu mzima wa afya.

La tatu lilifanyika Australia na Marekani, kwa wazee 19,114, wengi wao wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, wasio na ugonjwa wa moyo. Nusu yao walipewa aspirini ndogo ya miligramu 100 kila siku. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Aspirini haikuwarefushia maisha ya afya. Waliotokwa na damu nyingi walikuwa asilimia 3.8 upande wa aspirini, na asilimia 2.8 upande mwingine. Na jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: waliokufa kwa saratani walikuwa asilimia 3.1 upande wa aspirini, na asilimia 2.3 upande wa kidonge kitupu. Baada ya ushahidi wa namna hii, jopo la Marekani linaloshauri juu ya kinga, ambalo mwaka 2016 lilikuwa limetaja saratani ya utumbo mpana kama sababu mojawapo ya kutumia aspirini kwa baadhi ya watu wenye umri wa kati, lilibadili kauli mwaka 2022 na kusema kwamba ushahidi hautoshi.

Ndugu zangu, ukiyaweka matatu hayo pamoja, utaona kwamba hayapingani. Yanasema kitu kimoja. Faida ya aspirini huja polepole, tena kwa mtu ambaye hatari yake ni kubwa tangu mwanzo. Hasara yake huja upesi, na huwapata zaidi wenye umri mkubwa, wenye vidonda vya tumbo, na wanaochanganya dawa. Ba alikuwa na miaka 70 na ushei, magoti mabovu, na diklofenaki mkobani. Alikuwa upande wa hasara tangu siku ya kwanza, nami sikumuuliza.

Mgonjwa hukubali dawa yenye madhara kwa sababu ugonjwa umo tayari mwilini. Mtu mzima wa afya anayemeza dawa ya kinga hana ugonjwa anaouponya. Hulipa leo ili labda asidaiwe kesho. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza maswali zaidi kuliko mgonjwa, si machache.

Wazee wetu wana methali: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga hapo ni kijinga cha moto, ukuni unaowaka. Kuni zikiendelea kusogezwa, moto hauzimiki. Ndivyo ulivyo mwako sugu. Kabla ya kutafuta kidonge cha kuuzima, tutazame kuni zinazousogelea, maana nyingi ziko mikononi mwetu.

Bakteria aitwaye Helikobakta huishi tumboni mwa watu wengi, akichoma utando wake miaka nenda miaka rudi, na ni chanzo kikuu cha saratani ya tumbo. Hupimwa, na huondolewa kwa antibiotiki kwa muda wa wiki mbili hivi. Virusi vya homa ya ini B huchoma ini mpaka likafanya makovu, kisha saratani. Chanjo yake ipo, na watoto wetu huipata kliniki. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga wake wote miaka ya 1980, na saratani ya ini kwa watoto wa nchi hiyo ikapungua sana. Kichocho, ambacho watu wa pwani na visiwani tunakijua kwa mkojo wa damu, hutaga mayai katika ukuta wa kibofu, na mwako wake wa miaka mingi huleta saratani ya kibofu. Nacho kina dawa, prazikwanteli. Dawa hizi hazihesabiwi kuwa za kupunguza mwako, lakini zinauondoa mwako pamoja na kisababishi chake.

Na sasa nisameheni, nitataja tambuu. Naitaja kwa sababu hii ni tabia yetu sote, Wahindi na Waswahili, na kwa sababu nimekula tambuu la harusi zenu na ninyi mmekula la harusi zetu. Mwaka 1952 mtaalamu aitwaye Schwartz alieleza ugonjwa wa kukakamaa kwa utando wa mdomo aliouona kwa wanawake watano wa Kihindi hapa hapa Kenya. Mdomo huungua kwa pilipili kidogo, hukakamaa, hatimaye haufunguki vizuri. Baadaye ilijulikana kwamba kisababishi ni popoo, na kwamba hali hiyo hutangulia saratani ya mdomo. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka popoo yenyewe, hata bila tumbaku, katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hakuna aspirini ya kufuta hilo. Mwenye kuacha ndiye anayejikinga, na afadhali zaidi ni kijana asiyeanza.

Akina mama wataniuliza: na manjano? Manjano yana kitu kiitwacho kurkumini, ambacho katika maabara hupunguza mwako. Lakini kikiliwa, sehemu ndogo sana huingia kwenye damu, na haijathibitishwa kwa binadamu kwamba huzuia saratani. Manjano ya jikoni ni baraka ya chakula, na ya bibi harusi ni baraka ya ndoa. Yaendelee. Ila vidonge vya manjano yaliyokolezwa ni jambo jingine. Wapo watu walioumia ini kwa ajili yake, basi msivimeze bila kumwambia daktari.

Nimalize kwa ya kutenda. Kwanza, aliyeandikiwa aspirini na daktari kwa sababu amepata shambulio la moyo, kiharusi, au amewekewa kizibua mshipa, asiiache kwa maneno yangu. Yeye ana sababu nyingine, na kuacha ghafla ni hatari. Pili, asiyeandikiwa asijianzishie. Akitaka kujua kama inamfaa, amwambie daktari umri wake, vidonda vyake vya tumbo, figo zake, na kila dawa anayomeza, hata ile aliyopewa na jirani. Tatu, choo cheusi kama lami au matapishi yenye damu ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Nne, mtoto mwenye homa asipewe aspirini. Na mtu wa rika lolote mwenye homa isiyojulikana, hasa inapozuka dengue kama ilivyokwisha kuzuka Mombasa na Dar es Salaam, asimeze aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa kuwa dengue yenyewe huweza kutoa damu.

La tano ndilo lililonileta hasa. Nimesema kwamba aspirini huwafaa wenye hatari ya kurithi. Lakini nani atajua kwamba ni mmoja wao, ikiwa nyumbani saratani haitajwi jina? Katika nyumba zenu na zetu husemwa "alikufa kwa tumbo", au "ule ugonjwa", kwa kuhofia kwamba binti hatapata mchumba. Familia zinazoweza kuhesabu ukoo vizazi saba nyuma hazijui babu alikufa kwa nini. Kama mzazi, ndugu au mtoto wako alipata saratani ya utumbo mpana, hasa kabla ya miaka 50, au kama wamo wawili watatu katika ukoo mmoja waliopata saratani hiyo au ya mji wa mimba, mwambie daktari. Utumbo wako uchunguzwe kwa kamera mapema. Vinyama vikionekana huondolewa pale pale, kabla havijawa kitu. Kipimo hicho kina ushahidi ulio imara kuliko kidonge chochote nilichokitaja usiku huu.

Baada ya Ba kupona, alifanya jambo ambalo halijafanywa katika ukoo wake. Aliwaita wanawe na wajukuu, akawaambia mume wake alikufa kwa ugonjwa gani, akautaja kwa jina lake, na akataja umri aliokuwa nao. Mwanawe mmoja alikwenda kupimwa. Alikutwa na vinyama viwili, vikatolewa. Yuko nasi humu ukumbini, na amenipa ruhusa niliseme hili.

Hekalu linalotimiza miaka mingi limejaa kumbukumbu za ukoo: majina ukutani, picha, tarehe. Naomba kila familia iongeze kumbukumbu moja zaidi katika daftari lake la nyumbani: nani aliugua nini, na akiwa na umri gani. Na mimi naahidi kwamba atakayefika kaunta kwangu kuulizia aspirini, hata duka likiwa limejaa watu mpaka barazani, kwanza nitamuuliza magoti yake.